Mwanangu yuko nasari, mimi niko mlangoni

Mama, shikamoo.

Naandika kutoka Nyalenda, hapa Kisumu. Nina miaka 25 na nauza mitumba soko la Kibuye. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Ana siku kumi na tisa leo. Alizaliwa wiki ya 31 akiwa na gramu 1,350. Nilikwenda kliniki siku ya kawaida tu, nesi akanipima presha, akanitazama, akapima tena, akaniambia leo hurudi nyumbani. Kesho yake nikapasuliwa. Nilipozinduka niliambiwa nimepata mvulana na ameshapelekwa nasari, chumba cha hospitali cha kulelea watoto wachanga. Nilimwona siku ya tatu, nikiwa nasukumwa kwa kiti cha magurudumu, na kioo kikiwa katikati yetu.

Mimi nilizoea watoto wa majirani, wenye mashavu na harufu ya mafuta. Wangu wayo wake haufiki urefu wa kidole changu cha kati. Ana mrija wa hewa puani, mwingine wa maziwa mdomoni, nyaya kifuani, na taa nyekundu imefungwa mguuni. Akilia naona mdomo umefunguka lakini sauti siisikii.

Wiki ya pili nilikubaliwa kuingiza mkono. Nikampapasa tumbo vile watu hupapasa watoto. Mashine ikaanza kulia. Nesi akaja mbio, akautoa mkono wangu, akasema kwa sauti, "Mama, huyu hashikwi hivyo!" Akina mama wote wakageuka. Tangu siku hiyo nikifika nasimama karibu na mlango, nauliza uzito, naacha kikombe cha maziwa, naondoka. Siku ya nane leo sijamgusa.

Mimi nimesharuhusiwa, na chumba cha akina mama wanaosubiri watoto kimejaa, kwa hivyo napanda tuktuk asubuhi na jioni. Bwanangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Hutuma nauli kwa M-Pesa na kuuliza, "Anaendeleaje?" Nami hujibu, "Vizuri." Mama mkwe amekuja kutoka Siaya kunisaidia. Ni mtu mwema na uji wake haunipiti, ila amesema mtoto asipewe jina wala asitajwetajwe mpaka atoke hospitalini. Jirani mmoja ameniambia ni mitungi ya maji niliyobeba. Mwingine anasema ni hasira.

Lililonifanya niandike ni hili. Kando ya mwanangu kulikuwa na mtoto wa mama mmoja kutoka Ugunja. Tulikuwa tukikamua maziwa benchi moja, tukilinganisha matone na kuchekana. Jumamosi nilikuta kiatamizi cha mtoto wake, lile sanduku la kumpa joto, kitupu, kimefutwa, kimetandikwa shuka safi. Sikuuliza. Jumapili sikwenda. Jumatatu pia sikwenda. Nilimwambia mama mkwe kichwa kinaniuma, na si uongo, kimeniuma tangu wiki iliyopita, lakini si kichwa kilichoniweka nyumbani. Niliogopa kuzidi kumpenda.

Leo Jumanne nimekwenda. Amefika gramu 1,420. Ameongezeka bila mimi. Nilirudi na tuktuk nikijiambia, kumbe hata hanihitaji. Na maziwa yamepungua, nikikamua napata kama vijiko viwili.

Mama, mtoto huyu atanijua kweli kwamba mimi ndiye mama yake, au atawajua manesi? Na bwanangu nimwambie habari ya siku zile mbili? Jina la mtoto ninalo moyoni. Nimeliandika hapo chini, lakini tafadhali usilichapishe.

Mama wa Mlangoni, Kisumu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kichwa. Wewe umekipitia kwa sentensi moja katikati ya mambo mengine, mimi nimekwama hapo. Mwanamke aliyezalishwa mapema kwa sababu ya presha hajamalizana nayo siku ya kuzaa. Presha ya mimba inaweza kubaki juu, au hata kupanda upya, wiki kadhaa baada ya kujifungua, na ndiyo maana huangaliwa mpaka wiki ya sita. Kichwa kinachouma siku nyingi, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, kukosa pumzi, uso na mikono kuvimba: hizo ni dalili zake, na mwisho wake huweza kuwa degedege, kile wanachokiita kifafa cha mimba. Kwa hivyo leo, si kesho, kabla hujaingia nasari pitia kwa wanaopima presha. Usiseme tu "naumwa kichwa", maana Kisumu nzima huumwa kichwa jua likipanda. Sema hivi: "Nilipasuliwa siku kumi na tisa zilizopita kwa sababu ya presha, na kichwa kinaniuma tangu wiki iliyopita." Wakikuta 140 kwa 90 au zaidi, usiondoke kabla ya kuonwa na daktari. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura. Na kama ulipewa dawa za presha ukaziacha kwa ajili ya pilkapilka za nasari, kiri tu, hutakuwa wa kwanza.

Umeshapima? Basi tuendelee.

Mitungi ya maji haikukuletea jambo hili, wala hasira. Umeeleza mwenyewe: presha ilipanda, na dawa pekee inayoanza kumaliza presha ya namna hiyo ni mtoto na kondo kutoka. Yule nesi wa kliniki aliyepima mara mbili akakuzuia kurudi nyumbani huenda aliwaokoa wote wawili. Wahenga walituambia kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nadhani hawakuulizwa na mwenye presha.

Sasa ile siku ya mashine. Mimi si daktari, ila wangu wa pili alizaliwa wiki ya 32, Nakuru, na niliishi nasari mwezi mzima na siku tatu, kwa hivyo kengele hizo nazijua kama wimbo mbaya. Ile taa nyekundu mguuni ndiyo inayosoma oksijeni ya damu. Mtoto akitikisika, kifaa kikateleza kidogo tu, mashine hulia. Wakati mwingine pia oksijeni huwa imeshuka kweli, kwa sababu ngozi na ubongo wa mtoto wa wiki hizo hauhimili kupapaswa. Kwake mkono unaotembea ni kama mtu anayekuwashia na kukuzimia taa usiku kucha. Nesi alisema kweli. Alivyoisema ndiyo aliyokosea, kwa sababu alikueleza asilotaka ufanye akasahau kukuonyesha la kufanya. Nesi mmoja mwenye watoto wengi wa namna hiyo zamu nzima hupungukiwa na maneno, nami simtetei zaidi ya hapo.

La kufanya ni hili. Vua pete na saa, nawa mpaka kwenye viwiko, na mikono uipashe joto kwa kuisugua. Weka kiganja kimoja kichwani pake, kingine kizunguke nyayo na miguu iliyokunjwa. Halafu tulia. Usisugue, usigongegonge, usibembeleze. Alikuwa amejikunja tumboni mwako ukuta ukimzunguka pande zote, sasa amelala mahali wazi, na mikono miwili iliyotulia humrudishia ule ukuta. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilihisi kitu kama kuku anavyotulia ukimfunika mbawa. Nikaona pia masikio yake, laini na mapana, yamekunjika kama karatasi iliyolowa kwa sababu gegedu lake halijakaza, na mabegani ile manyoya myembamba tunayoiita malaika. Wako anayo. Yatafute, maana yataanguka na hutayaona tena.

Na usisubiri kuitwa. Mwambie nesi wa zamu, "Sista, nionyeshe ninavyoweza kumshika bila kumsumbua." Kisha uliza la pili, kubwa zaidi: "Ataanza lini kangaruu?"

Hapo nataka nikae kidogo. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya Bogotá, nchini Kolombia, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wengi kuliko viatamizi, wakawa wanalazwa wawili watatu pamoja na kuambukizana. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima, kofia kichwani na nepi tu chini. Hiyo ndiyo kangaruu. Ilianza kama njia ya wasio na vifaa, na kwa miaka mingi wakubwa waliiona hivyo. Leo hawaioni hivyo tena. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa jirani Tanzania. Watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8 waliowekwa kifuani mapema, bila kungoja kwanza watengemae, walikufa wachache kwa takriban robo kuliko waliongojewa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema watoto wa namna hiyo wakae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa 8, mwanangu! Kifua chako kimeandikwa pale kama dawa, na wewe unaacha kikombe mlangoni unaondoka.

Joto lake hutoka kwako, na mwili wa mama hulirekebisha bila swichi. Moyo na pumzi yake hutulia. Watoto hawa husahau kupumua, ni kweli kabisa, ubongo haujakomaa, na nesi huwakumbusha kwa kuwagusa unyayo. Mojawapo ya dawa wanazopewa ni kafeini, ileile iliyo kwenye kahawa. Akiwa kifuani pako, kupanda na kushuka kwa pumzi yako humsaidia. Mrija wa hewa puani si lazima uwe kizuizi. Wapo wanaowekwa kangaruu wakiwa nao, ila hilo waamue wanaomtibu. Ukiambiwa bado, uliza bado kwa nini, na uliza tena kesho. Siku hiyo vaa blauzi inayofunguka mbele, na usijipake marashi.

Kangaruu itakusaidia pia kwenye maziwa. Siku mbili hazikuyakausha, ila mwili wako ulihesabu: hayakutolewa, basi hayahitajiki. Sasa ufundishe upya. Kamua mara nane kwa siku, kila baada ya saa tatu, na mojawapo iwe usiku wa manane hata kama unalia usingizi, kwa sababu usiku homoni ya maziwa huwa juu. Kamua ukiwa umeketi ukimwona, au mara tu baada ya kumtoa kifuani. Nyumbani shika hata leso yenye harufu yake. Hofu haiyamalizi maziwa, huyafungia tu mlango, ndiyo maana unakamua na kukamua na hayatoki. Uji wa mama mkwe kunywa, una nguvu na una upendo ndani yake, lakini kinacholeta maziwa ni kuyatoa. Siku mbili za kwanza utapata vilevile vijiko viwili. Usivimwage! Mtoto wa gramu 1,420 hulishwa kwa mililita, na vijiko viwili vya chai ni mililita 10.

Halafu unasema aliongezeka bila wewe. Kwa hesabu gani? Gramu hizo 70 hazikuingia Jumapili na Jumatatu. Watoto hawa hupungua kwanza siku za mwanzo, halafu hupanda polepole kurudia uzito waliozaliwa nao ndipo wauvuke. Kwa hiyo alianza kutoka chini ya 1,350, na safari hiyo yote ilianzia kwenye matone ya dang'a, yale maziwa ya kwanza, uliyochekana nayo na mama wa Ugunja.

Habari ya mama huyo. Uliza. Najua kwa nini hukuuliza. Inawezekana mtoto wake amehamishiwa chumba cha kangaruu, kwani shuka safi hutandikwa anapotoka mzima pia. Inawezekana amefariki. Kama ni hivyo, mwenzako yuko Ugunja sasa hivi na maziwa yamemjaa kifuani na hana wa kumpa, na pengine wewe ndiwe mtu pekee nje ya nyumba yake aliyewahi kumwona mtoto huyo na kucheka karibu yake. Kama una namba yake, mpigie. Na kama mwanao bado anapigana, kifo cha jirani hakimwambukizi.

Uliogopa kumpenda sana asije akaondoka. Sitakuambia hataondoka, sina uwezo huo. Nakuambia tu nilichokiona: kukaa mbali hakukupunguzia chochote. Siku zile mbili ulimwaza kila dakika, bila kumwona.

Atanijua? Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wachanga, wenye siku chache tu, chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mpigo fulani alisikia mama yake akisoma hadithi, akibadilisha mpigo alisikia mwanamke mwingine. Wakajifunza kunyonya kwa ule mpigo uliowaletea mama. Walikuwa hawajakaa naye hata wiki moja, sauti hiyo waliitoa tumboni. Wako alikusikia kwa wiki kadhaa ukipiga kelele Kibuye ukiita wateja. Manesi hubadilisha zamu, mara tatu kwa siku, na kila mmoja ana mikono yake na sindano yake. Sauti hiyo moja tu ndiyo aliyokuja nayo. Ongea naye kwa sauti ya chini, karibu na kidirisha. Mwambie bei za sweta ukitaka. Mimi nilikuwa namsomea wangu orodha ya madeni.

Lakini kama hofu hii inaendelea wiki mbili, hulali hata ukipata nafasi, chakula hakipiti, huoni maana ya lolote, hiyo si hofu ya kawaida ya nasari. Ni ugonjwa unaowapata akina mama wengi baada ya kuzaa, na wenye watoto nasari zaidi, na unatibika. Mwambie nesi au daktari kwa maneno hayohayo. Na likikujia wazo la kujidhuru, nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Mama mkwe sidhani anakutakia mabaya. Wanawake wa rika lake walizika watoto wengi wa uzito huu, na kutokuita jina kulikuwa namna ya kujikinga wao, na kukukinga wewe. Usibishane naye juu ya mila mezani. Uliza nasari kama nyanya anaruhusiwa kuingia, kwa kuwa sheria za kuingia hazifanani hospitali hadi hospitali, na mahali wanaporuhusu, nyanya na baba pia huweza kumbeba kangaruu mama akiwa amechoka. Akishamshika akamhisi anapumua, utaona mwenyewe ni nani atakayeanza kuuliza jina. Na akiwapo, wewe utalala saa tatu mfululizo. Bili, kwa kifupi tu: hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na umwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali sasa, usingoje siku ya kuruhusiwa. Na waambie wakuandike kwenye orodha ya chumba cha akina mama, maana kitanda hupewa anayeuliza kila siku.

Bwanangu nimwambie? Mwambie. Si kwa kuungama kosa, maana kosa silioni. Mwambie kwa sababu "vizuri" yako imemfungia nje kama ulivyojifungia wewe. Kule Malaba kwenye foleni ya malori, anajua tu kwamba mambo ni vizuri na kwamba nauli imeisha tena. Mpigie leo usiku. Mwambie gramu 1,420, mwambie wiki ya 34 hivi wengi huanza kujua kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, na yeye ameikaribia. Halafu mwambie siku mbili uliogopa ukabaki nyumbani. Muombe arekodi sauti yake kwenye simu umpelekee mtoto, kwa chini sana, dakika moja.

Jina sijalichapisha, kama ulivyoomba. Ni zuri, na linaitika kwa sauti ya chini. Ukishapima presha, ukishanawa, ukishaweka viganja, mwite nalo.